MAADILI HUINGIAJE MOYONI? FUNZO LA DISKI

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Aghalabu katika kurasa hizi tunasoma kuhusu ngeli, methali na uundaji wa maneno. Mwaka huu nimeomba nafasi niandike somo la namna nyingine. Swali lake ni hili: jambo ambalo mtu ameambiwa na wengine hugeukaje likawa lake mwenyewe, hata akalitetea kana kwamba alizaliwa nalo?

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Methali hii tumeiandika katika insha zetu mpaka imechakaa. Lakini hebu tuitazame vizuri. Samaki hana rai. Ukimkunja amekunjika, basi. Mtoto naye hukunjwa huku akitazama ni nani anayemkunja, anamkunja kwa nini, na wenzake wanasemaje. Ndiyo maana watoto wawili huadhibiwa kwa kosa moja, mmoja akaacha kosa hilo na mwingine akajifunza kujificha tu.

Nitaanza kwa kueleza diski, nisimulie kisa changu, kisha nitaje waliyosema wataalamu. Mwisho nitasema jambo kuhusu chama chetu hiki ambalo huenda likawaudhi wengine. Naomba mnivumilie.

DISKI NI NINI?

Wasomaji wengi hawahitaji kuelezwa. Kwa faida ya wale ambao shule zao hazikuwa nayo, nitasema kidogo. Katika shule ya msingi niliyosoma, diski ilikuwa kipande cha ubao chenye ukubwa wa kiganja, kimetobolewa na kutiwa kamba. Kuanzia darasa la nne, Jumatatu hadi Alhamisi ilikuwa Kiingereza pekee. Ijumaa ilikuwa siku ya Kiswahili. Lugha ya mama haikuwa na siku. Asubuhi kiranja alitoka na diski, akamvisha wa kwanza aliyeponyokwa na neno la nyumbani. Huyo naye alitega masikio ampate mwingine, amvishe. Jioni aliyekutwa nayo alitaja aliyempa, na huyo akamtaja aliyempa yeye, mpaka orodha ikakamilika. Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, kwa hivyo sisi hatukuchapwa. Tulifagia madarasa na kusugua vyoo wengine wakienda zao nyumbani.

Mambo haya hayakuanzia kwetu. Mwandishi Ngugi wa Thiong'o, aliyezaliwa karibu na Limuru mwaka 1938 na kufariki mwaka 2025, aliyasimulia katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, serikali ya kikoloni ilizichukua shule za kujitegemea za Wakikuyu, na Kiingereza kikawa ndicho kila kitu. Mtoto aliyeshikwa akisema Kikuyu karibu na shule aliweza kuchapwa, kutozwa faini au kuvishwa kibao cha chuma chenye maneno ya kujitukana mwenyewe. Huko kwao kitu kilichopitishwa mkono kwa mkono kilikuwa kifungo.

Na wala si Kenya tu. Huko Wales, katika karne ya 19, mtoto aliyesema Kiwelshi katika baadhi ya shule alivishwa kipande cha mti kilichoandikwa herufi W.N., naye akasubiri kumpata mwenzake wa kumpa. Katika jimbo la Bretagne nchini Ufaransa, mtoto aliyesema Kibretoni alipewa kitu cha aibu, pengine kiatu cha mti, naye akakipitisha vivyo hivyo. Katika visiwa vya Okinawa, Japani, walivishwa kibao kwa kusema lugha ya kwao.

Ama kweli dunia ni moja! Watu wa mbali hivyo waliwaza kitu kimoja kwa nini? Mimi naona sababu iko wazi. Mwalimu mmoja hawezi kuwasikiliza watoto mia tatu uwanjani. Lakini watoto mia tatu wanaweza kusikilizana. Diski humfanya kila mtoto kuwa askari wa mwenzake. Na askari huyo haendi likizo diski inaporudishwa afisini.

KUKHU NA MKEBE WA VIAZI

Nilipokuwa darasa la sita, siku moja nilisahau chakula nyumbani. Shule ilikuwa ya kutwa, na aliyesahau chakula alishinda njaa. Saa saba kasoro hivi, Kukhu, yaani nyanya yangu mzaa baba, alifika kwa miguu akiwa na mkebe wa viazi vitamu. Mimi nilikuwa uwanjani na wenzangu. Alisimama penye ua, akaniita kwa jina langu la nyumbani, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe. Akaniuliza kwa Kibukusu mbona nimeacha chakula kama mtoto mchanga.

Wenzangu waligeuka. Mmoja akauliza kwa Kiingereza huyo ni nani. Nami nikajibu, kwa Kiingereza kizuri sana, kwamba ni mama fulani anayetusaidia kazi za nyumbani. Kisha nikampa Kukhu mgongo kama mtu asiyesikia. Alingoja kidogo, halafu akauacha mkebe kwa bawabu, akaenda zake.

Sasa angalieni jambo hili. Wiki hiyo diski ilikuwa imepotea. Kamba yake ilikatika na ubao haukuonekana. Hakuna ambaye angenivisha chochote. Kukhu si mwanafunzi, na sheria ya shule haikusema mtu amkane nyanyake. Nani basi aliyenilazimisha? Hakuna. Diski haikuwa shingoni mwa mtu yeyote siku hiyo. Nilikuwa nayo ndani.

Viazi nilivila jioni, vimepoa, nyuma ya darasa. Kukhu hakuja tena shuleni.

WATAALAMU WANASEMAJE?

Mwaka huu mwalimu wetu wa ushauri alinikopesha kitabu cha saikolojia. Nilikisoma kwa shida, kamusi mkononi, lakini nilipata watatu walionisaidia.

Wa kwanza ni Herbert Kelman. Alizaliwa Vienna mwaka 1927, akakimbia na wazazi wake angali mtoto kwa sababu ya utawala wa Hitler, na baadaye akawa mtaalamu huko Marekani. Katika makala ya mwaka 1958 alieleza kwamba mtu hukubali neno la wengine kwa njia tatu. Nitazieleza kwa kutumia mfano wa shati, maana kuchomekea shati ni sheria ya shule yetu.

(a) Kutii. Mwanafunzi wa kwanza huchomekea anapomwona naibu wa mwalimu mkuu. Naibu akipinda kona, shati liko nje. Huyu anaogopa adhabu au anatafuta sifa. Utiifu wake hudumu maadamu anatazamwa.

(b) Kujinasibisha. Wa pili huchomekea kwa sababu nahodha wa timu ya kandanda huchomekea, naye anataka kuwa kama nahodha. Hafanyi kwa woga. Lakini nahodha akihama shule, au wakikosana, shati nalo litatoka.

(c) Kulifanya jambo kuwa lako. Wa tatu huchomekea kwa sababu anapenda unadhifu. Hata Jumamosi dukani, ambako hakuna naibu wala nahodha, utamkuta nadhifu. Jambo hilo limeafikiana na mambo mengine anayoyathamini, likapata makao.

Kwa nje wote watatu wamechomekea. Ukipita gwarideni huwezi kuwatofautisha. Tofauti huonekana mtazamaji akiondoka.

Wa pili ni Lev Vygotsky wa Urusi, aliyeishi kutoka 1896 hadi 1934. Yeye alifundisha kwamba mambo mengi ya akili huanza kati ya mtu na mtu, ndipo yakaingia ndani ya mtoto. Mmewahi kumwona mtoto wa miaka mitatu akikaribia jiko huku anajiambia kwa sauti, "Usiguse, moto"? Maneno hayo ni ya mamake. Siku zikipita, sauti inashuka, inakuwa mnong'ono, mwisho inakuwa wazo. Kwa hivyo tukisema "moyo wangu uliniambia", inafaa pia tuulize moyo uliambiwa na nani.

Wa tatu ni Jonathan Freedman, aliyefanya jaribio huko Marekani na kulitangaza mwaka 1965. Aliwaweka wavulana wadogo, mmoja mmoja, mbele ya vitu vya kuchezea. Kizuri kuliko vyote kilikuwa roboti. Wote walikatazwa kuigusa. Wengine walitishwa vikali kwamba wakiigusa wataona cha mtema kuni. Wengine waliambiwa tu kwa upole kwamba si vizuri kuichezea. Wakati ule karibu wote walitii. Wiki kadhaa baadaye akaja mtu mwingine, asiyetaja lile katazo, akawaacha na vitu vile vile. Kumbe! Wengi wa waliotishwa vikali waliicheza roboti. Wengi wa walioambiwa kwa upole hawakuigusa.

Kwa nini? Aliyetishwa alijua kwa nini alitii: aliogopa. Tisho lilipoondoka, sababu yake ikaondoka nalo. Aliyeambiwa kwa upole hakuwa na tisho kubwa la kusingizia. Ikabidi ajiambie mwenyewe kwamba yeye si mtoto wa kugusa roboti ile. Na neno ambalo mtu amejiambia mwenyewe huwa zito kuliko aliloambiwa.

FUMBO LILILONISUMBUA

Hapa msomaji makini ataniuliza, "Mbona unajipinga? Ikiwa vitisho haviingii moyoni, aibu ya diski ilikuingiaje wewe?"

Swali hili lilininyima usingizi siku mbili. Nikakumbuka jinsi tulivyoishi. Je, kule kusugua vyoo kulitufanya tuache Kibukusu? La hasha! Kiranja akienda kula, nyuma ya madarasa ilikuwa Kibukusu kitupu, vichekesho na vitendawili. Adhabu ilifanya kazi ile aliyoisema Kelman katika njia ya kwanza: tulitii tukionekana.

Kilichoingia moyoni kilipitia mlango mwingine, nao ulikuwa kicheko. Mtu akivishwa diski, darasa zima lilicheka, na mimi nikacheka kwa nguvu zaidi ili nihesabiwe miongoni mwa wajanja. Wajanja walisema Kiingereza. Wajanja waliwaita wengine "watu wa shamba". Nilitaka kuwa mmoja wao. Hiyo ndiyo njia ya pili, ya kujinasibisha.

Kisha nikafanya kosa kubwa zaidi. Niliupa mchezo ule sababu. Nilijiambia kwamba Kiingereza ni lugha ya werevu. Hakuna mwalimu aliyetamka maneno hayo darasani, niliyatunga mwenyewe. Na kwa kuwa niliyatunga mwenyewe, niliyaona kuwa mawazo yangu. Ikiwa Kiingereza ni cha werevu, basi Kukhu, asiyekijua, ni nani? Hesabu hiyo sikuifanya kwa maneno, lakini jibu lake nililitoa uwanjani.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi kilichonila kilikuwa ndani zaidi ya nguo.

UPANDE MWEMA WA JAMBO HILI

Msidhani kila kinachoingia moyoni kutoka nje ni kibaya. Kama ingekuwa hivyo, tusingekuwa na utu.

Mama yangu huuza mboga sokoni. Nilipokuwa na miaka kumi, mteja mmoja alizidisha pesa, shilingi hamsini, nami nikazitia mfukoni. Mama aliniona. Nilingoja kofi, halikuja. Aliniuliza tu, "Yule mama akifika nyumbani akahesabu pesa, atawaambia nini watoto wake?" Sikuwa na jibu. Akanituma nizirudishe, na jua lilikuwa kali.

Desemba iliyopita nilibaki kibandani peke yangu jioni. Mama mmoja alinunua sukuma na vitunguu, akanipa noti ya mia tano, nikampa chenji, akaondoka. Nilipoishika vizuri, kumbe zilikuwa noti mbili zimegandana. Hakuna aliyeona. Mama yangu alikuwa kanisani. Na wakati huo karo yangu ilikuwa haijaisha kulipwa, sitawaficha.

Nilimkimbilia yule mama mpaka kituo cha matatu. Njiani nilisikia swali lile lile: atawaambia nini watoto wake? Swali lilikuwa la mama yangu, lakini sauti iliyouliza ilikuwa yangu. Sikuwa namwogopa mtu. Wala sikuwa nataka kusifiwa, maana niliporudi sikumwambia mtu yeyote hadi leo ninapoandika haya.

Haya basi, moyoni mwangu kuna mambo mawili yaliyotoka nje: swali la mama na aibu ya diski. Yote mawili yalinisukuma bila mtu kunishika mkono. Nitajuaje lipi nilitunze na lipi nilitoe?

JINSI YA KUPIMA

Zamani ningesema, jiulize kama ungefanya hivyo ukiwa peke yako. Kipimo hiki ni kizuri lakini hakitoshi. Aibu yangu ilifanya kazi hata bila diski. Inahitajika kuongeza kipimo cha pili: uliza "kwa nini" mara tatu.

Tujaribu na pesa. Kwa nini nilizirudisha? Kwa sababu si zangu. Kwa nini hilo ni muhimu? Kwa sababu mwenye nazo atazihitaji. Kwa nini nijali? Kwa sababu ni mtu kama mimi, na mama yangu naye hupoteza pesa. Kila jibu lina mguu wa kusimamia.

Tujaribu na aibu. Kwa nini niliona haya kuitwa kwa Kibukusu? Kwa sababu wangecheka. Kwa nini wangecheka? Kwa sababu ni aibu. Kwa nini ni aibu? Kwa sababu watu hucheka. Mnaona? Inazunguka kama mbwa anayefukuza mkia wake. Thamani ya kweli haiogopi kuulizwa, bali ile ya kupandikizwa hukasirika ukiiuliza.

KOPO LETU

Sasa nafika pale nilipoogopa kufika.

Sisi wa Chama cha Kiswahili tunajua kulalamika. Tunalalamika kwamba Kiswahili kinadharauliwa. Tuna haki. Walimu waliosoma zamani watawaambia kwamba Kiswahili hakikutahiniwa katika mtihani wa mwisho wa shule ya msingi mpaka mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985. Leo Kiswahili kina siku yake ya dunia, tarehe 7 Julai, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Na katika Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 7, Kiswahili ndicho lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Tunaipenda ibara hiyo. Lakini tusiishie katikati. Ibara hiyo hiyo inasema dola ikuze na kulinda lugha mbalimbali za watu wa Kenya. Maana yake hata Kibukusu cha Kukhu kimo.

Je, kila Jumatano sisi hufanya nini? Tunaweka kopo la maziwa mezani. Anayechanganya ndimi au kutamka vibaya anatoa shilingi tano. Mwaka huu mwekaji wa kopo nilikuwa mimi.

Muhula wa pili alikuja mvulana wa Kidato cha Kwanza. Alisimama asome insha yake. Ilikuwa insha nzuri, kuhusu ndugu yake aliyeacha shule. Akafika mahali akasoma, "Nilichukua karamu nikamwandikia barua." Badala ya kalamu, alisema karamu. Watu wakaangua kicheko. Mmoja akauliza ati amebakisha pilau? Nami nikalitikisa kopo, chakacha chakacha, kicheko kikaongezeka. Alitoa shilingi tano, akakaa, hakumaliza kusoma. Jumatano iliyofuata hakuja.

Mpaka leo sijui barua ile ilisema nini. Ndugu aliyeacha shule, na sisi tukacheka herufi.

Nyani haoni kundule. Tulichofanyiwa sisi na diski tulikifanya kwa kopo. Tofauti ni kwamba diski ilitulazimisha, na kopo tulilibuni wenyewe kwa mapenzi ya lugha. Hapo ndipo nilipoelewa jinsi mambo haya yanavyorithiwa. Aliyevishwa hukua, akapata kamba yake mwenyewe, akatafuta shingo.

Wako watakaosema, "Bila faini Kiswahili sanifu kitakufa." Wengine watasema bila diski watoto wataanguka Kiingereza. Hoja hizi si za kupuuzwa. Mimi mwenyewe nataka alama nzuri katika Kiingereza, na najua lugha huja kwa mazoezi. Lakini mazoezi ni kusema. Mtu anayeogopa kopo hasemi. Hesabuni wanaozungumza Jumatano: ni wale wale, waliolelewa na Kiswahili nyumbani. Wengine wanatikisa vichwa tu. Kopo halikutufunza Kiswahili sanifu, lilitufunza kunyamaza. Kurekebishana lazima kuwepo, ila arekebishwe mtu akishamaliza neno lake, kwa upole, kama wale wavulana walioambiwa kwa upole kuhusu roboti.

Pia tukumbuke Kiswahili chenyewe kimekuaje. Kitabu tulikipata kwa Waarabu, meza kwa Wareno, shule kwa Wajerumani. Neno kung'atuka lilitoka Kizanaki, lugha ya kwao Mwalimu Nyerere. Kama wazee wetu wangeweka kopo la faini, leo tungeandikia wapi?

Kwa hivyo napendekeza, kwa heshima zote kwa mwalimu mlezi na viongozi wa chama, kwamba kopo libaki lakini kazi yake ibadilike. Kila Jumatano mwanachama atie karatasi yenye neno moja la lugha ya kwao pamoja na maana yake kwa Kiswahili. Mlezi achomoe moja, tulijadili. Aliye na neno zuri lisilo na mwenzake katika Kiswahili apigiwe makofi. Shilingi tano zilizomo tununulie kamusi.

NILIMRUDIA KUKHU

Likizo ya Agosti nilikwenda kumwona. Amezeeka, lakini bado anaita ng'ombe kwa sauti ile ile. Nilimkumbusha ile siku ya mkebe wa viazi, nikamwomba radhi. Nilijikwaa, maana maneno ya kuomba radhi kwa Kibukusu sikuwa nayo vizuri, nikachanganya na Kiswahili. Hakunitoza faini.

Alicheka. Alisema siku ile alidhani sikumsikia kwa sababu ya kelele za watoto. Sijui kama ni kweli, au alinisitiri tu. Kisha akauliza kama nimekula.

Yule mvulana wa Kidato cha Kwanza nilimtafuta pia, penye mfereji wa maji. Nilimwambia pole. Nikamwomba arudi amalize kutusomea insha. Alinitazama kidogo, akaniuliza, "Kopo bado liko?" Sikumjibu. Jibu liko kwenu, wanachama wenzangu, tutakapokutana Jumatano.

HITIMISHO

Mpenzi msomaji, tumeona kwamba imani na maadili hayaingii moyoni kwa nguvu. Nguvu huleta utiifu wa macho tu. Huingia kwa kicheko cha wenzetu, kwa hamu ya kufanana na fulani, na kwa sababu tunazojipa wenyewe. Kwa njia hizo hizo huingia mema, kama swali la mama, na mabaya, kama aibu ya kumkana nyanya. Kwa kuwa mlango ni mmoja, kila mmoja wetu awe bawabu wake, aulize kila kinachoingia: umetoka wapi, na kwa nini?

MASWALI YA KUJADILI

1. Toa mfano wako mwenyewe wa kila njia kati ya zile tatu za Kelman: kutii, kujinasibisha, na kulifanya jambo kuwa lako.
2. Kwa nini wavulana walioambiwa kwa upole hawakuigusa roboti ingawa hakuna aliyewatisha?
3. Taja jambo moja unaloliamini. Liulize "kwa nini" mara tatu. Je, majibu yako yanasimama au yanazunguka?
4. "Samaki mkunje angali mbichi." Je, methali hii inafaa katika malezi ya binadamu? Tetea au pinga.
5. Kopo la faini liondolewe, libaki, au libadilishwe kazi? (Swali hili lijibiwe mkutanoni, na wa Kidato cha Kwanza waanze kusema.)